Mashina Matatu

Jina la jani lenyewe sitalitaja. Mama mkwe wangu aliniomba nisilitaje, na kwa kuwa ni kama jambo pekee aliloniomba ambalo bado naweza kulitimiza, nitalishika. Ni mmea mdogo, haufiki gotini, wenye majani ya manyoya laini upande wa chini na maua ya buluu yaliyo madogo kuliko punje ya mahindi. Huku kwetu Kibondo huota kwenye unyevu wa bonde na kuchanua mvua zinapokaribia kukatika. Watu huukanyaga wakienda kuchota maji.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nje ya kazi hiyo natengeneza picha kwa mimea. Sichori. Nachuma mmea mzima, mzizi hadi ua, naulaza kati ya magazeti, naubana kwa mbao mbili na mipira ya baiskeli, halafu kila jioni nabadilisha magazeti mpaka ukauke ukiwa bapa na rangi yake. Kisha naupanga juu ya karatasi ngumu nyeupe, naugandisha kwa matone ya gundi, na fundi seremala wa mjini anautilia fremu na kioo. Nilijifunza chuo cha ualimu, tulipoagizwa kila mmoja apeleke mimea ishirini iliyokaushwa. Wenzangu walichuma nyasi za uwanjani wakamaliza siku hiyo hiyo. Mimi nilikaa na yangu wiki nne, na mkufunzi alipoichukua moja kwa moja nililia bwenini kama mtoto aliyenyang'anywa maandazi. Tangu hapo nimeshikwa, na mtu aliyeshikwa hivyo si mtu wa kumwachia kitu cha watu.

Mama mkwe wangu ni mama wa dawa za majani. Wazazi wake walivuka naye kutoka Burundi akiwa msichana, akaolewa hapa, akawa raia hapa, na dawa zake alizirithi kwa mama yake. Hana mambo ya hirizi wala kupiga ramli; ni mtu wa kanisa, na Jumapili haachi. Aliwatibu watoto kikohozi, tumbo na vipele, na mtoto asiyepata nafuu kufikia siku ya tatu alimwambia mama yake ampeleke hospitali, tena kwa ukali. Hilo la siku tatu lilikuwa sheria yake.

Alikuwa na sheria nyingine: mgonjwa haonyeshwi jani. Alilifikicha viganjani mpaka likawa tope la kijani, ndipo akampa mtu. Alisema ukimwonyesha mtu jani zima, kesho atakuja na panga, na keshokutwa hutalikuta. Sasa mnaona mambo yalivyokuwa ndani ya nyumba moja: mmoja anafikicha ili jani lisijulikane, mwingine analinyoosha nyuma ya kioo ili kila mtu alitazame. Mimi niliona hilo mapema sana na nikajitia hamnazo.

Macho yake yalipoanza kufifia, hospitali walisema ni presha ya macho na kwamba alikuwa amechelewa. Mume wangu anafanya kazi Kahama, mawifi zangu wameolewa mbali na hakuna hata mmoja aliyewahi kutaka kujua mambo ya majani. Nikabaki mimi. Kila Jumamosi nilishuka bondeni na kikapu, na yeye alinielekeza kwanza, nyumbani, akiwa amekaa kwenye mkeka: linafananaje, linaota jirani na nini, huchumwa asubuhi au jioni. Nikirudi alipitisha vidole juu ya kila jani, taratibu, upande wa juu na upande wa chini, akalinusa, akasema ndilo au silo. Vidole vyake havikukosea hata siku moja.

Aliwaambia kina mama wa kanisani kwamba Mungu amempa mkazana anayependa majani. Mkazana ni mke wa mwana, kwa lugha ya nyumbani. Na kweli nilipenda majani, hakusema uongo. Ila alidhani najifunza dawa, na mimi nilikuwa naokota picha. Majani mazuri, yasiyo na tundu, niliyaweka chini ya kikapu kwa ajili yangu. Yaliyoliwa na wadudu nikampelekea. Kwa bahati yeye aliyapenda hayo hayo, alisema mdudu hajinyimi kitu kizuri. Kwa hiyo kwa muda mrefu niliiba bila mtu kuibiwa, na nikajiona mjanja.

Mwaka juzi mzee mmoja wa Kasulu, mfanyabiashara Mwislamu ambaye asili ya baba yake ni pwani, alikuwa anafungua nyumba ya wageni. Aliona picha yangu moja kwa fundi seremala akaniagizia sita za ukumbi wa chakula. Hakuna mtu aliyewahi kuniagizia sita. Nilimaliza tano, nikazipanga ukutani nyumbani, nikazitazama, nikaona wazi kwamba zote ni kijani na kahawia. Palihitajika buluu. Nilijua buluu ilipo.

Lakini bonde halikuwa lile tena. Watu walikuwa wamelima bustani za nyanya na kabichi mpaka ukingoni mwa maji, na mahali ule mmea ulipokuwa unaota palikuwa na matuta. Nilizunguka Jumamosi nzima. Jioni, nyuma ya tanuri la matofali lililoachwa, nikakuta mashina matatu. Matatu tu, yamechanua yote.

Asubuhi hiyo mama mkwe alikuwa ameniagiza hilo hilo jani. Mama mmoja wa ng'ambo ya bonde alikuwa amemleta binti yake wa miaka miwili, anakohoa, kifua kinabana. Kwa hiyo nilijua ni la nani. Siwezi kusema sikujua.

Picha moja inahitaji shina moja. Ningeweza kuchukua moja na kumpa mama mawili, na kila mtu angelala salama. Ila mmea huu ukikaushwa vibaya hugeuka mweusi, na nilishauona ukinifanyia hivyo. Nikataka akiba. Niliyang'oa yote matatu na mizizi yake, nikayafunga kwenye gazeti lenye maji, nikayaweka chini kabisa ya kikapu. Kisha nikachuma mmea mwingine unaofanana nao, nao una manyoya, ila maua yake ni meupe, nikayanyofoa maua. Juu yake nikaweka kivumbasi kingi ili harufu ya kivumbasi ifunike. Nimeandika sentensi hiyo ya mwisho mara nne nikiifuta. Nilikuwa mwalimu, mtu mzima, na nilifunika jani kwa kivumbasi ili kipofu asinuse.

Alikaa na lile jani muda mrefu kuliko kawaida. Alilipindua. Akasema, "Mbona leo ni gumu?"

Nikasema ni jua, mvua imekatika mapema. Akalinusa, akacheka kidogo, akasema leo nimemletea mboga na viungo vyake. Halafu akaanza kulifikicha. Nilisimama pale nikimwona akiniamini mimi kuliko vidole vyake.

Yule mtoto alikunywa dawa siku tatu. Hakupata nafuu. Kwa sheria yake mama angemwambia yule mzazi aende hospitali, lakini safari hii hakusema. Alisema jani hili halijawahi kumwangusha tangu aanze kazi, basi waongeze siku mbili. Siku ya tano mtoto alikuwa anavuta pumzi na mbavu zote zinaonekana, wakamkimbiza hospitali kwa pikipiki, akalazwa, akawekewa oksijeni.

Alipona. Naliandika mapema ili msomaji asikae na roho juu kama nilivyokaa mimi. Na ninajua vilevile, kwa kuwa nafundisha sayansi darasa la sita, kwamba huenda hata jani lenyewe lisingefua dafu kwa kifua kile, na kwamba mahali pake palikuwa hospitali tangu mwanzo. Nimelitumia sana wazo hilo. Nimelilalia kama mto. Lakini siku zile mbili za nyongeza hazikutoka kwa ugonjwa, zilitoka kikapuni mwangu.

Mama mkwe hakusema neno kwa mtu. Siku ya pili baada ya mtoto kulazwa alinawa mikono kwa majivu, akafuta kinu chake, akaniambia nikitumie kutwangia karanga. Watu walipokuja aliwaambia mikono yake imekufa. Alilisema hivyo hivyo, bila kulia, kama mtu anayekujulisha kwamba duka limefungwa. Wengine walikuja kutoka Gwarama, mwendo mrefu, wakarudi na watoto wao mgongoni.

Kisha akaomba kanisani aombewe mikono. Alishikwa huku na huku akapelekwa mbele, akainyoosha, viganja juu, na kina mama wakamzunguka. Mchungaji aliomba kwamba kama mtumishi huyu amekosa mahali, kwa siri au kwa wazi, asamehewe. Mimi nilikuwa benchi la tatu. Watu wote waliitikia amina, na mimi nikaitikia, tena nadhani kwa sauti kubwa kuliko jirani yangu.

Picha ilitoka vizuri. Hilo nalo ni la aibu, kwamba ilitoka vizuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Shina la kwanza tu ndilo nililolihitaji. Lilikauka na buluu yake, hata vinyweleo vya majani vilionekana. Yale mawili ya akiba niliyatupia jikoni motoni, kwa sababu nilikuwa nawahi basi na sikutaka mtu ayaone.

Kule Kasulu mzee aliitundika mahali ambapo mtu akiingia kula lazima aione. Alikuwa na maneno ya watu wa pwani, laini, ya kumvika mtu. Aliniambia, "Hii, binti yangu, mtu anaweza kukaa nayo bila kuchoka." Nilifurahi. Ningependa kusema kwamba nilitabasamu kwa taabu huku roho ikinisuta, lakini siyo hivyo. Nilifurahi kabisa, nikanywa chai na chapati, na kusutwa kulianza ndani ya basi, tulipokuwa tumeshapita nusu ya njia.

Miezi iliyofuata nilikuwa mtu mbaya wa kuishi naye. Mimi hasira zangu ziko karibu hata siku njema. Wakati ule nilifokea watoto shuleni kwa penseli zilizovunjika. Nilimfokea mume wangu kwenye simu aliponiambia mama amebadilika, halali vizuri, nikamuuliza kama yeye ndiye anayeishi naye. Mama nilimtunza kupita kiasi. Nilimpikia uji wa ulezi kila asubuhi, nikamnunulia blanketi la baridi kutoka Kasulu, nikamkata kucha. Yeye alinishukuru kwa kila kitu, "Warakoze, mwana wanje," asante mwanangu.

Mara moja nilikwenda Kasulu kwa nia ya kuomba ile picha nirudishiwe. Sikujua ningeifanya nini. Mzee alinipokea, akanitambulisha kwa wageni wawili kuwa ndiye fundi wake, nao wakaja kunishika mkono. Nilikula wali wake, nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Mwaka ulizunguka, mvua zikakaribia kukatika. Asubuhi moja ya Jumamosi mama aliniita kwenye mkeka. Alisema amefikiri sana. Mikono yake imekufa lakini yangu ni mizima, nimetembea na kikapu miaka mitatu bila kulalamika, na majani nayajua kwa macho kuliko alivyoyajua yeye akiwa na umri wangu. Hataki kazi ya mama yake iishie kwake. Atanikabidhi.

Mimi nilikuwa nimesikia habari ya kukabidhi, hata kabla sijaolewa. Anayetoa hufikicha jani bichi viganjani mwa anayepokea, anasema maneno machache, na tangu saa hiyo yeye hagusi dawa tena. Siyo kwamba anapumzika. Amekwisha kutoa. Mama yake alipomkabidhi aliishi miaka sita mingine, na hata kikohozi chake mwenyewe alisubiri binti yake arudi shambani amtengenezee. Kwa hiyo nilijua ni nini kinachotolewa, na kwamba hakirudi.

Nilikuwa na wakati wa kusema. Nilikuwa nao mwingi. Nilitumwa bondeni kuchuma jani lolote lenye afya, nikaenda na kurudi. Ile ni karibu saa nzima ya kwenda na kurudi, na njia nzima nilikuwa natengeneza maneno. Nilifika nikamkuta ameoga, amevaa kitenge cha Jumapili na kilemba, amekaa ananisubiri uso ukiwa umeelekea mlangoni. Nikaona nikisema sasa nitamharibia siku yake. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, kwamba nisimharibie siku. Ukweli ni kwamba niliogopa, na pia, naomba niseme lote, nilitamani kupewa.

Nikapiga magoti, nikanyoosha mikono. Alishika viganja vyangu, akavipangusa vumbi, akaweka jani, akaanza kufikicha kwa vidole gumba. Alikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. Alimtaja mama yake, akamtaja mama wa mama yake, akaomba Imana, Mungu, asiniangushe. Maji ya kijani yalipita kati ya vidole vyangu yakadondoka kwenye mkeka. Kisha akaachia, akafuta mikono yake kwenye kitenge, akasema imekwisha.

Ndipo nikasema.

Nilisema yote, mashina matatu, maua meupe niliyoyanyofoa, kivumbasi, moto wa jikoni. Nilisema haraka kama mtu anayesoma tangazo. Kuku aliingia mlangoni akatoka. Mwishowe aliuliza lini, ingawa alijua ni lini, nami nikasema mwaka jana, yule mtoto wa ng'ambo.

"Kwa hiyo nilipouliza mbona ni gumu," alisema, "lilikuwa gumu kweli."

Nikasema ndiyo.

Aliinua mikono yake, akaisugua pamoja taratibu, kiganja kwa kiganja. "Ilikuwa mizima," alisema. Nilitegemea hasira, na ningeipokea kwa shukrani, lakini usoni mwake palikuwa na kitu kama furaha, kwa muda mfupi kabisa. Kisha akakumbuka alichotoka kukifanya. Nilimwona akikumbuka. Mikono ilikaa kimya magotini.

Aliuliza swali moja tu: kwa nini sikusema kabla hajanipaka. Nikamuuliza kama haiwezekani kurudisha, kama siwezi mimi nikamkabidhi yeye. Akasema haifanyiki hivyo, na akaniomba nimsaidie kuvua kilemba.

Tunaishi vizuri. Anakula chakula changu, ananiuliza habari za shule, hajamwambia mwanawe wala mtu wa kanisani, na nimesikia akimtetea mkazana wake kwa wifi yangu. Ningependa anichukie kidogo. Mbao zangu za kubania ziko chini ya kitanda, na tangu siku ile sijazifungua.

Wiki iliyopita, baada ya vipindi, nilimkuta mama mmoja kijana barazani na mtoto wa miezi kadhaa, anakohoa. Alikuwa amekwisha kumweleza mama mkwe wangu shida yake, na mama alikuwa amemwambia kwamba yeye hana kitu siku hizi, mwenye mikono ni huyu anayekuja. Wote wawili walinigeukia. Niliweka mifuko yangu chini. Nilimsikiliza mtoto kifua, nikaona mbavu zikiingia ndani kila anapovuta, nikamwambia yule mama asisubiri hata siku moja, nikaita bodaboda nikawapandisha waende hospitali.

Vumbi lilipotulia niliingia ndani kuvua viatu. Mama alibaki barazani, nikamsikia akisema, si kwa ukali, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu anayeongea na mwenzake wa kazi, "Umefanya vema. Hata yule wa ng'ambo ningempeleka siku ya tatu, kama ningejua si jani lenyewe."

Nilisema ndiyo, mama. Halafu nikaenda kuwasha moto, kwa sababu ilikuwa saa ya kupika.